Shajara ya mradi: kituo cha taka hatarishi za majumbani katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam

Mradi ni banda dogo nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Linapokea Jumamosi asubuhi vitu visivyofaa kuingia kwenye gari la taka: betri, taa za enaji seva na tyubu, rangi na thina, oili chafu, sumu ya panya na dawa za wadudu, dawa za hospitali zilizoisha muda, sindano. Vikiachwa viende na gari la taka huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, mikononi mwa waokotaji, au huchomwa uani. Yaliyokwenda sawa tumeyaandika kwa kifupi. Yaliyoharibika tumeyaandika kwa urefu, maana ndiyo yatakayomsaidia atakayeiga.

17 Januari: mlango wa kutokea kwanza

Hakuna ndoo iliyonunuliwa kabla ya kujua kila kitu kitatoka kwenda wapi. Kukusanya ni rahisi mno, watu wanaleta. Kazi ni kuondoa. Mtaa ukikusanya bila njia ya kuondoa, unakuwa umechukua hatari zilizotawanyika nyumba mia na kuziweka chumba kimoja.

Barua mbili zilitoka: moja kwa afisa mazingira wa manispaa, nyingine NEMC, baraza la taifa la mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za taka hatarishi za 2021 zinataka kibali kwa anayekusanya, anayehifadhi na anayesafirisha. Hivyo mtaa hausafirishi chochote kwa guta wala bajaji. Mkusanyaji mwenye kibali ndiye anayekuja na gari lake.

Kosa la kwanza lilitokea hapa hapa. Mkusanyaji wa kwanza alionyesha kibali, tukaridhika na muhuri, tukakubaliana. Siku tatu baadaye kiambatisho kiliposomwa mstari kwa mstari, kikawa cha oili chafu peke yake. Betri na taa hazimo. Usisome ukurasa wa kwanza tu. Aina za taka huwa nyuma. Ilibidi kumtafuta wa pili, na huyo haji kwa mzigo wa chini ya kilo 300. Gharama ya safari moja ni Sh 450,000.

Dawa na sindano hazimhusu mkusanyaji. Zahanati iliyo jirani ilikubali kuzipokea na kuzipeleka pamoja na taka zake kwenye tanuri la hospitali, kwa sharti kwamba sindano zije ndani ya boksi la usalama.

31 Januari: banda

Sakafu ya zege, nguzo za mbao, bati sita, wavu pande tatu ili hewa ipite, mlango wa chuma wenye kufuli. Umbali hadi kisima cha karibu ni mita 40, na hadi jiko la mama lishe mita 15. Hiyo ya pili tungependa iwe zaidi, ila nafasi ndiyo hiyo.

Gharama: bati Sh 132,000, mbao na misumari 85,000, saruji mifuko mitano 85,000, tofali 90,000, mchanga na kokoto 60,000, fundi 120,000, wavu na mlango 180,000. Jumla Sh 752,000.

Kosa: ukingo wa zege kuzunguka pipa la oili. Kanuni ya kawaida ni kwamba eneo ndani ya ukingo liweze kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote kilichomo. Pipa ni la lita 200, kwa hiyo zinahitajika lita 220. Fundi alijenga mita 1.5 kwa 1.2, kimo sentimita 10, na kwa macho ukingo ulionekana mzuri. Piga hesabu: 1.5 × 1.2 × 0.1 ni mita za ujazo 0.18, yaani lita 180. Haitoshi. Umeinuliwa hadi sentimita 15, sasa ni lita 270. Marekebisho: mfuko mmoja wa saruji na siku moja ya fundi, Sh 47,000.

Fundi pia aliacha tundu la kutolea maji ya mvua, kama anavyofanya bafuni. Limezibwa. Ukingo wenye tundu si ukingo. Dawa ya maji ya mvua ni kurefusha bati lipite ukuta kwa sentimita 60.

7 Februari: vyombo

Ndoo kumi za lita 20 zenye mifuniko Sh 70,000. Pipa la lita 200 50,000. Kipande cha bomba la inchi 4 na vizibo vyake 25,000. Mtungi wa kuzimia moto wa unga wa kilo 6 75,000. Mizani ya kuning'iniza 18,000. Glavu nene za mpira jozi nne 20,000. Miwani miwili ya kinga 12,000. Magadi kilo 10 15,000. Tepu ya umeme 12 kwa 12,000. Jumla Sh 297,000. Mchanga mkavu viroba viwili, bure kutoka kwa jirani anayejenga.

Barakoa za kitambaa zilitolewa kwenye orodha. Mvuke wa thina na wa zebaki hupita kama haipo, na anayeivaa hujiona amekingwa akasogeza pua karibu zaidi.

14 Februari: mapokezi ya kwanza

Tulipanga meza moja, mpokeaji mmoja, ndoo zimepangwa kwa aina. Ndani ya saa moja kosa lilikuwa limeshaonekana. Ndoo iliyoandikwa "visafishaji" ilipokea chupa ya maji ya klorini ya kufulia na, juu yake, dawa ya choo yenye asidi iliyokuwa ikivuja mfunikoni. Hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini. Harufu ilitangulia, ndoo ikatolewa nje upande usio na upepo wa kurudi, watu wakasogezwa, ikaachwa wazi. Hakuna aliyeumia kwa sababu kilichovuja kilikuwa vijiko vichache tu.

Mzizi wa makosa ya aina hii ni mmoja: tulipanga vitu kwa matumizi yake nyumbani, wakati inatakiwa kuvipanga kwa kile vinachofanya vikikutana. Sasa ndoo ni hizi: asidi (dawa ya choo, maji ya betri), klorini peke yake na mbali na nyingine, vinavyoshika moto (thina, tapentaini, petroli ya mashine, vanishi), viuatilifu vya maji, viuatilifu vikavu, makopo ya kupulizia yenye gesi, ambayo hayatobolewi, betri kwa aina zake. Ndoo ya asidi na ya klorini zina ukuta kati yake, si nafasi tu.

Kanuni nyingine iliyozaliwa siku hiyo: mtu hatumbukizi mwenyewe. Anaweka mezani, mpokeaji anasoma lebo. Kisicho na lebo hakifunguliwi wala hakinuswi. Kinaandikwa "hakijulikani" na kukaa ndoo yake. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa au kiuatilifu ndiyo inayoongoza kwa kuja bila jina, na ndiyo inayonywewa na watoto.

21 Februari: betri, na jaribio la maji ya chumvi lililoshindwa

Betri za tochi na redio hazina shida kubwa. Zinakaa ndoo ya plastiki, mahali pakavu. Zilizovuja unga mweupe zinawekwa kwenye mfuko kwanza, maana unga huo wa betri za alkali hubabua ngozi.

Betri ndogo kama vifungo, za saa na rimoti, ndizo zilizotushtua. Zilirushwa kopo moja la bati. Zikipangana, chanya juu ya hasi, zinaungana na kopo nalo linapitisha umeme. Baada ya dakika chache kopo lilikuwa la moto mkononi. Sasa zinabandikwa kwenye tepu moja ndefu, moja moja, kisha tepu ya pili juu yake kama mkanda wa risasi, na kuwekwa chombo cha plastiki chenye kufuli. Kufuli ni kwa ajili ya watoto: ikimezwa na kukwama kooni, inaunguza nyama ndani ya saa mbili. Betri za volti 9 nazo zinazibwa ncha zote mbili kwa tepu.

Betri za simu, kompyuta na pawabenki ni lithiamu, na nyingi huja zimevimba. Ushauri unaozunguka mitaani ni kuziloweka kwenye maji ya chumvi zimalize chaji. Tulijaribu tatu za simu, chumvi vijiko vitano kwa lita mbili, saa 24. Matokeo: ncha za shaba zililika na kuwa tope la kijani, mapovu yalitoka, na mita ikasoma sifuri. Tungeishia hapo tungesema zimekufa. Lakini zilipokwanguliwa hadi kwenye waya wa ndani, mbili zilikuwa bado na volti zaidi ya 3.4. Maji yalikuwa yameharibu mahali pa kupimia, chaji yenyewe haikutoka. Juu ya hayo sasa kuna lita mbili za maji machafu yenye metali ambazo nazo lazima zihifadhiwe. Usifanye.

Kinachofanya kazi: ziba ncha kwa tepu, weka kwenye debe la bati, tabaka la mchanga mkavu sentimita tano, betri, mchanga tena, zisigusane. Mfuniko unawekwa bila kubanwa, kwa sababu betri ikitoa gesi ndani ya chombo kilichobanwa inakuwa bomu. Debe linakaa sakafuni, mita mbili kutoka kwenye thina. Iliyovimba haitobolewi, haikunjwi, haichajiwi "kuona kama inashika". Ikishika moto, mchanga unazuia ueneaji, lakini kinachoipoza ni maji mengi. Mtungi wa unga huzima mwali, na betri huwaka tena.

28 Februari: taa

Enaji seva moja ina zebaki isiyozidi takriban miligramu 5. Kipimajoto cha kioo cha homa kina karibu gramu moja, sawa na taa 200. Kwa hiyo kipimajoto kimoja kilichovunjika chumbani ni tukio kubwa kuliko kiroba cha taa, ingawa macho yanaona kinyume.

Kiroba cha taa kilikuja kweli, kikiburuzwa. Taa 11 zilivunjika. Hatua zilizofuatwa: watu nje, banda liachwe wazi dakika 15, vipande vikubwa kwa glavu, vidogo kwa karatasi ngumu mbili, moja ikisukuma nyingine ikipokea, unga uliobaki kwa upande wa gundi wa selotepu, mwisho tambara bichi. Vyote, pamoja na tambara, kwenye mtungi wa plastiki wenye mfuniko wa kukaza. Ufagio hautumiki, unatawanya zebaki na wenyewe unachafuka moja kwa moja.

Marekebisho yalikuwa ya bei ya bure: trei za mayai. Kitako cha taa kinakaa kwenye shimo la yai, shimo moja linatumika linalofuata linaachwa, taa 15 kwa trei, trei ndani ya katoni. Tyubu za futi nne zinaingia kwenye lile bomba la inchi 4. Katika mapokezi matatu yaliyofuata haikuvunjika hata moja.

Vipimajoto vinakaa kwenye mtungi wa plastiki wenye kitambaa ndani. Zebaki iliyomwagika isikusanywe kwa kijiko wala sufuria ya alumini, inaila. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, na taa hizi zinaondolewa sokoni, tyubu zikiwekewa ukomo wa 2027. Maana yake kwa kituo: zitakuja nyingi kwa miaka michache, kisha zitakoma. Usijenge stoo ya kudumu kwa ajili yake.

7 Machi: rangi, na moshi usio na moto

Rangi ya maji si taka hatarishi ikishakauka. Inaganda, inaingia kwenye taka za kawaida, na kopo linauzwa chuma chakavu. Tulimwaga unga wa mbao ndani ya kopo la lita nne ujazo sawa na rangi. Baada ya wiki juu kulikuwa na ngozi ngumu, chini uji. Inatakiwa kumwagwa kwenye sinia pana, kina kisichozidi sentimita mbili. Unyevu ulipoongezeka hata hiyo haikukauka, tukahamia saruji: kilo moja kwa lita mbili za rangi, kesho yake imeshika. Mfuko wa saruji uliolala na kuanza kuganda unafaa.

Rangi ya mafuta na vanishi ni habari nyingine. Kwa kuwa unga wa mbao ulikuwepo, mtu alifutia nao vanishi iliyomwagika, akaurundika pamoja na matambara kwenye kiroba na kukiegemeza ukutani. Saa tisa alasiri kiroba kilikuwa kinatoa moshi. Hakuna aliyewasha kitu. Vanishi na rangi za mafuta hukauka kwa kunyonya oksijeni, na kunyonya huko hutoa joto. Tambara likitandazwa joto huondoka, likirundikwa kwenye kitu laini joto hujilimbikiza hadi kuwaka. Mafundi samani wanaipoteza karakana hivi na kulaumu umeme.

Sasa: kilichomwagika kinafunikwa kwa mchanga, kamwe si unga wa mbao. Matambara yanatandazwa nje juu ya wavu, moja moja, mpaka yakakamae, au yanazamishwa kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Thina iliyotumika kuoshea brashi haimwagwi. Ikiachwa siku mbili rangi inatuama chini, thina safi juu inachotwa na kutumika tena. Fundi rangi wawili wa mtaa wameacha kuleta thina kabisa baada ya kuonyeshwa hilo, na hayo ndiyo mafanikio ya bei nafuu kuliko yote hadi sasa.

14 Machi: vidonge vya mahindi

Huu ndio ukurasa wa kusoma kabla ya kufungua kituo.

Mkazi alileta mkebe wa vidonge vya kuhifadhia mahindi, alumini fosfaidi, mfuniko umelegea. Uliwekwa kwenye ndoo ya viuatilifu. Ndani kulikuwa na chupa ya dawa ya mende iliyokuwa ikivuja. Baada ya nusu saa pakanuka kama kitunguu saumu kilichooza. Vidonge hivi vikipata maji, hata unyevu wa hewa, hutoa gesi ya fosfini. Kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Ndani ya chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.5, gramu hiyo ni takriban sehemu 24 kwa milioni. Kikomo cha kazini cha OSHA ya Marekani ni 0.3. Na sumu hii haina dawa ya kuitengua.

Kilichofanyika: banda likaachwa, mlango wazi, hakuna aliyerudi kuchukua kitu. Hakuna aliyemwaga maji, ingawa wawili walikimbilia ndoo. Maji yangeongeza gesi. Baada ya saa mbili harufu ilipokwisha, ndoo ilitolewa hadi uwanja wazi, kivulini, na kuachwa hapo chini ya ulinzi hadi vidonge vikabaki unga wa kijivu. Kutonuka si uthibitisho kamili, kwa hiyo banda lilikaa wazi hadi kesho yake.

Kanuni sasa: vidonge hivi havipokelewi mezani. Mwenye navyo asivilete: viwe nje ya chumba cha kulala, vikavu, na atoe taarifa. Mtaalamu wa viuatilifu wa wilaya au wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ndiye anayevifuata. Bango limeongezwa picha ya mkebe. Sumu ya panya ya unga mweusi nayo ni fosfaidi, ya zinki, na huamka ikikutana na asidi. Ndiyo maana ndoo ya viuatilifu vikavu ina kiroba cha mchanga kati yake na nyingine zote.

Makopo matupu ya dawa za bustani za kuchanganya na maji: jaza maji robo, tikisa sekunde 30, mimina kwenye bomba la kupulizia, mara tatu, kisha toboa. Maji ya kusuuzia yanapuliziwa shambani kama dawa, hayaendi mtaroni.

28 Machi: dawa na sindano

Hapa kazi ilienda bila kelele. Vidonge vinatolewa kwenye maboksi, karatasi zinaenda na taka za kawaida, jina la mgonjwa linafutwa. Dawa za maji hubaki chupani. Vipulizio vya pumu vinaenda na makopo ya kupulizia. Watumiaji wa insulini walipewa maelekezo: dumu gumu la plastiki lenye mfuniko wa skrubu, sindano inatumbukizwa bila kurudishiwa kizibo, likijaa robo tatu linafungwa. Zahanati hulipokea dumu likiwa ndani ya boksi la usalama. Chupa za maji ya kunywa hazifai, sindano hutoboa.

11 Aprili: kinachokosekana

Miezi miwili, na betri za gari na sola zilizokuja ni nne tu. Sababu ni bei: wanunua vyuma chakavu wanazilipia kwa kilo, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Chenye soko hakifiki kituoni. Tatizo ni kwamba baadhi wanataka betri "kavu", kwa hiyo muuzaji humwaga asidi mtaroni kwanza, na asidi huondoka na risasi iliyoyeyuka. Wanaotaka kujua risasi hufanya nini mtaani wanaweza kusoma kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ambapo mahakama mwaka 2020 iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kushindana bei na wanunuzi hatuwezi. Kilichofanyika ni mazungumzo: wanunuzi watatu wamekubali kupokea betri zikiwa na maji yake, zimesimama wima, na kupunguza uzito wa asidi kwenye hesabu badala ya kudai imwagwe. Kila mmoja amepewa kilo tatu za magadi. Asidi ikimwagika, nyunyiza magadi kuanzia pembeni kuelekea katikati mpaka mapovu yakome, kisha zoa.

Oili chafu imefika lita 140. Pipa liliwahi kukataliwa mara moja: fundi gereji alimimina ndani yake lita tatu za petroli ya kuoshea vipuri, na mnunuzi wa oili hachukui mchanganyiko. Pipa sasa lina faneli yenye kufuli, na oili inamiminwa kwanza kwenye beseni jeupe. Yenye harufu ya petroli au rangi ya maziwa, ishara ya maji, inaenda dumu la pembeni.

25 Aprili: kuondoa

Bila oili na dawa, mzigo ulikuwa kilo 118, na mkusanyaji haji chini ya 300. Mitaa miwili jirani ilikuwa na mizigo kama huo, hivyo gari moja lilipita kote, jumla kilo 327, kila mtaa ukilipa Sh 150,000. Hati ya makabidhiano inaandika aina na uzito, nakala inabaki mtaani. Bila hiyo huwezi kuonyesha kwamba taka haikuishia bondeni.

Gharama hadi leo: banda 752,000, marekebisho ya ukingo 47,000, vyombo 297,000, usafirishaji 150,000. Jumla Sh 1,246,000.

Kilichobaki bandani: pipa la oili, madumu mawili ya mchanganyiko wa petroli, ndoo ya visivyojulikana yenye chupa tisa, na lita mbili za maji ya chumvi ya 21 Februari, ambazo mkusanyaji alizikataa kwa sababu hazimo kwenye kibali chake.